KUMTEGEMEA MWENYEZI MUNGU SIKU ZA IDI

  

Fundo ni kisiwa, na Wete iko ng'ambo ya maji. Zifikapo siku za mwisho za Ramadhani, kila baba hutazama vitu viwili: mfuko wake na bahari. Watoto wataka nguo, nyumbani wataka mchele na nyama, na fitra yangoja kutolewa. Naye pengine madema yake yametoka matupu siku ya tatu. Basi moyo hutaharuki. Huyu akimbilia dukani kukopa, wala hajui atalipa kwa nini. Huyu aingia chombo kilichokwisha jaa, na jua lakaribia kutua. Wote wawili wakiulizwa hujibu: "Tumetawakali."

Neno hilo ni kubwa, wala halifai kufanywa pazia la kufichia pupa. Ni kweli Mwenyezi Mungu ameahidi katika Sura ya Talaka kwamba mwenye kumtegemea Yeye humtosha. Lakini Mtume S.A.W. alipopiga mfano wa tawakali, kama alivyopokea Sayidna Umar, aliwataja ndege, watokao asubuhi na njaa wakarudi jioni wameshiba. Ndege yule hutoka. Hakai kiotani akangoja. Na mtu aliyeuliza khabari ya ngamia wake, amfunge au amwache, aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Mvuvi ayajua haya kuliko mtu wa mjini, maana hutia nanga na kukaza kamba, ndipo akalala.

Tena Idi haifuati msimu. Mwaka wa mwezi hupungua siku kama 11 katika mwaka wa jua, kwa hivyo Idi huja mara wakati wa kaskazi, mara katika kusi kali, mara karafuu zimeanikwa na fedha ipo, mara hakuna. Lakini kila Idi ya Mfunguo Mosi huja na mwezi mchanga, na mwezi mchanga ndio bamvua: maji hupwa mpaka mbali na hujaa kwa nguvu. Riziki ya bamvua aijua mwanamke arudiye pwani na pweza wake, na khatari ya mkondo wake aijua nahodha. Zote zatoka kwa Mola mmoja, naye amewapa waja akili ya kuzipambanua.

Watu wa Pemba hawahitaji kupigiwa mfano wa mbali. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba, nayo imepakia watu kupita kiasi chake. Zaidi ya 600 waliokolewa. Zaidi ya 200 walizikwa, na mamia wengine hawakuonekana tena. Wale waliokufa Mwenyezi Mungu awarehemu. Aliyekufa kwa kuzama, Mtume amemhesabu katika mashahidi. Lakini mwenye kupakia chombo kupita kiasi asiseme ni kadari. Kadari ni ya Mungu, na tamaa ni yake.

Ama nguo, sunna ni kuoga na kuvaa iliyo bora katika alizo nazo mtu, wala haikushurutishwa iwe mpya. Kanzu iliyofuliwa yatosha, na mtoto hufundishwa hilo na uso wa babaye kuliko maneno. Na fitra, ambayo ni pishi ya chakula cha mji, haimlazimu asiyebakiwa na kitu baada ya chakula chake na cha walio juu yake usiku wa Idi na mchana wake. Mtume S.A.W. alikuwa akijikinga kwa Mungu na deni; vipi basi mtu alitafute kwa ajili ya pilau?

Na aliyekosa nafasi katika chombo jioni ya kuandama mwezi, alale Wete. Fitra yake ataitoa hapo hapo lilipomtulia jua. Asubuhi ataswali Idi pamoja na watu wa huko. Na akiwakosa, katika madhehebu ya Imamu Shafii yasihi kuiswali peke yake, rakaa mbili, takbira saba katika ya kwanza na tano katika ya pili, bila khutba, tangu kuchomoza jua mpaka lipinduke. Kisha maji yakitulia atavuka, awakute watoto wake wakimngoja ufukweni.