Mbegu Inayongoja Baridi

JUMATANO

Soma Marko 4:26–29 na 1 Wakorintho 15:35–38. Je, mpanzi katika mfano wa Yesu anajua nini, na ni nini asichokijua?

Mugeta, kama kwingineko, anayetaka waridi huomba kijiti kwa jirani na kukichomeka ardhini. Kikishika, hutoa ua lile lile la jirani. Lakini waridi lina mbegu pia. Petali zikidondoka, mara nyingi hubaki kitunda. Kikiachwa mtini huiva na kuwa chekundu au rangi ya chungwa, na ndani yake mna mbegu ngumu.

Mbegu hizo zikipandwa moja kwa moja katika joto la Bunda, kwa kawaida hazioti. Hazijafa. Mawaridi mengi asili yake ni nchi zenye majira ya baridi kali, ambako mche ukichipua mapema huuawa na barafu. Basi Muumba ameitia mbegu kizuizi: haiamki mpaka ikae majuma mengi katika baridi na unyevu. Anayezipanda nyumbani huziosha nyama yote ya tunda, huzifunga katika kitambaa chenye unyevu, huzitia katika kopo lenye mfuniko na kuziombea nafasi katika friji ya duka la soda (si mahali pa kugandisha), kwa majuma 6 hadi 12. Kitambaa kikikauka, kazi imeharibika. Kisha huzipanda kina cha nusu sentimita hivi. Hata hapo, moja huota mapema, nyingine baada ya miezi, na nyingine haioti kamwe.

Wako wazazi ambao kijana wao alibatizwa, akaenda machimbo ya dhahabu ya Buhemba, na Sabato zake zikaishia huko. Wengine kanisani husema amekufa kiroho. Yesu hakuwapa wazazi hao tarehe ya mavuno, wala Maandiko hayafichi kwamba wengine hawarudi. Lakini kati ya usingizi na mauti kuna tofauti, na mtu wa nje haioni kwa macho. Kazi ya mzazi ni kutunza unyevu: sala, simu isiyo na lawama, chakula anapofika hata kama amefika Jumatatu.

Jambo jingine huwa gumu zaidi. Mche wa mbegu hautoi ua la mama yake; rangi na harufu huweza kuwa nyingine kabisa. Wengi wanaomwombea kijana arudi, kwa kweli wanaomba kijiti: kiti kile kile kwaya ile ile. Paulo asema Mungu ndiye aipaye mbegu mwili kama apendavyo.

Jadilini: Ni jina la nani lisilotajwa tena katika sala za darasa lenu? Nani atampigia simu kabla ya Sabato? Na akirudi akiwa tofauti na mlivyomzoea, mtampa nafasi gani?