Juu ya Kupamba Miguu ya Suruali

Liko neno ambalo wazazi hulizungumza mara nyingi barazani, tena kwa uchungu, nasi twaona yafaa kulitazama kwa utulivu. Kijana hununua suruali ya jinzi katika mitumba. Suruali ni nzima, yamtosha kiunoni, nayo yaweza kuvaliwa vivi hivi. Lakini haivai. Huipeleka kwanza kwa fundi wa cherehani, akamwambia aipunguze toka gotini hata kifundo cha mguu, au aipasue ubavuni na kutia kipande cha kitenge, au apitishe uzi wa rangi ya dhahabu juu ya mshono. Hulipa fedha kwa kazi hiyo, kisha hurudi nyumbani kwa furaha. Baba yake humtazama, akamwuliza: Umepata faida gani? Basi swali letu ndilo hili: pambo lisiloongeza nguvu ya nguo wala kumsitiri mvaaji zaidi, je, ni upuzi, au ni jambo la halali?

Swali hili si la mijini tu. Huko Mloka, kijiji kilicho kando ya mto Rufiji, karibu na lango la Mtemere la kuingilia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, wageni hupita kwenda kutazama wanyama, na mitumba huwafikia vijana wa huko kama iwafikiavyo wa Dar es Salaam. Tena watu wa Rufiji na Kibiti walipatwa na mafuriko makubwa mwezi wa Aprili 2024, mashamba yakafunikwa na maji. Mzazi ambaye mpunga wake ulizama, akimwona mwanawe akilipia uzi wa dhahabu, hawezi kulaumiwa akikunja uso. Hasira yake si uchoyo. Yeye anahesabu vibaba.

Yafaa kwanza tuijue kazi yenyewe, maana wengi huilaumu bila kuifahamu. Kitambaa cha jinzi hufumwa kwa nyuzi za mtande zilizotiwa rangi ya nili, na mshindio ulio mweupe. Ndiyo sababu ndani yake ni cheupe kuliko nje, na kikichakaa weupe hutokea. Katika suruali nyingi za namna hii mshono wa ndani ya mguu umekunjwa na kushonwa mara mbili, wala haufumuki kwa urahisi. Kwa hiyo fundi akitaka kupunguza mguu, mara nyingi huigeuza suruali ndani nje, akapiga chaki upande wa ubavu, akashona, kisha akakata kilichozidi. Akitaka kuupanua, hufumua ubavu toka gotini, akatia kipande cha pembe tatu. Si kazi ya mjinga. Akikosea kidogo, mguu mmoja hupinda, na mvaaji huonekana kama mtu anayechechemea.

Nguo hii haikuanza kuwa ya mapambo. Tarehe 20 Mei 1873 fundi Jacob Davis wa Reno, pamoja na mfanya biashara Levi Strauss wa San Francisco, walipewa hati huko Marekani ya kukaza pembe za mifuko ya suruali kwa vijisumari vya shaba, ili isipasuke upesi mwilini mwa watu wa kazi nzito. Ilikuwa nguo ya wachimbaji na wachunga ng'ombe. Hata hivyo ilikuwa na pambo: mishono miwili ya upinde juu ya mifuko ya nyuma. Vita ya pili ya dunia ilipofika, serikali ya Marekani ilikataza uzi usio wa lazima, na upinde ule ukahesabiwa kuwa si wa lazima. Wenye kiwanda walifanya nini? Waliuchora kwa rangi. Twaona hapa jinsi mwanadamu alivyo mgumu kuachana na pambo lake, hata katika nguo ya jasho.

Huko Uingereza jambo la namna iyo hiyo lilitokea mwaka 1942. Kitambaa kilikuwa haba, na serikali ikakataza kukunja upindo wa suruali za wanaume upande wa nje, kwa kuwa mkunjo ule ulikula nguo bila kazi. Wengine wakanunua suruali zilizo ndefu kupita kiasi, wakazikunja wenyewe nyumbani. Mwaka 1944 katazo likaondolewa. Katika habari hii twaweza kuwacheka wale waliokunja kwa siri, lakini tusiicheke sheria. Haikusema kwamba mkunjo ni mbaya. Ilisema kwamba nguo ni chache, na ya kwamba shida ya wote ichukuliwe na wote. Sheria ya namna hiyo hupima kitambaa, haimpimi mtu.

Sasa tutazame ya kwetu. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimu kuanzisha Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Vilivyokatazwa vilikuwa sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua, na nguo za kubana pamoja na suruali. Sababu iliyotolewa haikuwa upungufu wa kitambaa, bali utamaduni wa taifa. Barua nyingi zikaandikwa magazetini, za kusifu na za kupinga. Wengine waliuliza kama suti na tai ni za babu zetu, hata suruali nyembamba peke yake ndiyo iwe ya kigeni. Tena katika miaka ya 1967 na 1968 serikali iyo hiyo ilikuwa ikiwahimiza Wamasai waache lubega wavae suruali. Basi mmoja alilaumiwa kwa kukosa suruali, na mwingine kwa kuwa suruali yake ni nyembamba. Na waliodhurika zaidi katika fujo za Kariakoo walikuwa wasichana, waliofuatwa na kusumbuliwa na vijana waliojifanya walinzi wa adabu. Katika siku zizo hizo watu wa Rufiji walikuwa wakihamishwa kutoka bonde lililofurika kwenda makao mapya. Nchi ilikuwa na mambo makubwa kuliko upana wa mguu wa suruali.

Na matunda yake yalikuwa nini? Miaka ya 1970 vijana wakapenda suruali pana chini, zilizoitwa bugaluu. Baadaye zikaja za mlegezo, kisha zikarudi za kubana, ambazo vijana huziita modo. Baba anayemkemea mwanawe leo kwa modo, huenda alikemewa na baba yake kwa bugaluu, na kitambaa kilichotolewa katika mguu wa mmoja kingalitosha kuongeza mguu wa mwingine.

Je, twasema basi kwamba kila pambo ni sawa, na kila mtu afanye apendavyo? Hatusemi hivyo. Twasema kipimo kilikuwa si chenyewe. Tuwaulize wenyeji wa Rufiji habari za mikeka yao. Mkeka wa ukindu usiotiwa rangi humlaza mtu sawasawa na mkeka wenye rangi tatu na nakshi. Hata hivyo mama hukaa siku nyingi akichovya ukindu katika rangi na kuhesabu milia, wala hakuna anayemwita mpuzi. Kanzu nayo hutiwa darizi shingoni, na kofia hutobolewa vitundu kwa sindano kwa muda wa wiki nyingi. Hata katika kitabu cha Kutoka, sura ya 28, vazi la Haruni liliagizwa kuwa na makomamanga ya nyuzi za rangi na njuga za dhahabu katika upindo wake. Kama kila kitu kipitacho haja ni dhambi, tungaliwahukumu hao wote. Hatuwahukumu, maana twajua kwamba pambo ni namna ya mtu kusema: kazi hii imepitia mikononi mwangu, nami nimeiheshimu. Kijana aliyepewa na dunia nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, akitaka iwe na alama yake mwenyewe, twamwelewa.

Lakini habari ya Yosefu yatufundisha upande wa pili. Kanzu yake ilikuwa nzuri, na uzuri wake haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba alipewa mmoja nyumbani mwenye ndugu wengi, wakaiona kila siku wakijua maana yake. Basi kipimo cha kwanza si nguo yenyewe, bali ni nani aliyepunjwa ili ipambwe. Kijana akilipa kwa jasho lake, deni lake la duka likiwa limelipwa na wadogo zake wakiwa wamekula, hatuoni mtu aliyepunjwa. Tena fedha yake imekaa kijijini, imemlisha fundi. Bali akilipa kwa fedha aliyopewa ya dawa au ya mbegu, pambo lile limeibwa, hata likiwa uzi mmoja.

Kipimo hiki hufika mbali kuliko kijiji chetu. Ziko suruali za jinzi zinazotoka kiwandani zikiwa zimefifishwa mapajani na magotini, ili zionekane kana kwamba zimevaliwa miaka mingi. Njia moja ya kufanya hivyo ilikuwa kupuliza mchanga kwa nguvu juu ya kitambaa. Vumbi la mchanga ule liliwaingia wafanya kazi vifuani, mapafu yao yakawa magumu, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Huko Uturuki vijana wengi waliugua na wengine wakafa, mpaka mwaka 2009 serikali ikaikataza kazi hiyo. Fikirini, wasomaji: weupe ule wa gotini, ambao hakuna mzee aliyeukemea kwa kuwa haubani wala hauachi mwili wazi, ulimgharimu mtu pumzi yake. Na uzi wa dhahabu wa fundi wa Mloka, ambao umekemewa sana, haukumdhuru mtu. Jicho peke yake ni hakimu dhaifu.

Kipimo cha pili ni jirani. Mtu havai nguo peke yake msituni. Katika Rufiji wengi wa majirani ni Waislamu, nao huheshimu vazi lenye stara. Kijana Mkristo aendaye kwenye matanga au kwa wakwe amevaa suruali iliyombana mpaka haketi sawasawa, amewakosea wenyeji wake, hata kama hakuvunja sheria yoyote. Lakini tuangalie: stara huombwa, hufundishwa, huonyeshwa kwa mfano. Haipasuliwi na mikono ya watu barabarani. Anayempasulia msichana nguo kwa ajili ya adabu amemwacha akiwa na stara ndogo kuliko aliyoikuta.

Kutakuwako mtu atakayesema: Mnawapa vijana ruhusa ya majivuno. Twajibu kwamba majivuno hayahitaji ruhusa wala uzi. Yaweza kukaa katika kanzu iliyo nyeupe bila doa, na katika koti lililochakaa ambalo mwenyewe hulivaa ili asifiwe kwa unyenyekevu wake. Ndiyo maana mwalimu akitaka kuyatafuta majivuno, asianzie katika upindo wa suruali. Atayakosa kwa wengi walio nayo, na atawadhania wengi wasio nayo.

Basi kwenu wazazi, na kwenu walimu mnaoulizwa neno hili katika mafundisho ya vijana, shauri letu ni hili. Msiulize kwanza mguu una upana gani. Ulizeni fedha imetoka wapi, na ni nani anayeingojea nyumbani. Ulizeni ataivaa wapi, mbele ya nani. Na kama majibu ni mema, muulizeni fundi alivyoigeuza kona ile pasipo kukunjamana, maana huenda mwanenu anatamani kujifunza kazi hiyo, naye hakuthubutu kusema kwa kuogopa kukemewa. Mkono unaojua kupunguza mguu wa jinzi wajua pia kushona sare ya shule na shuka ya hospitali, na baada ya mafuriko mkono kama huo ni mali nyumbani.