Baraza Lililowaacha Nje Wakazi Wake

Yeyote anayepewa kazi ya kuandika kanuni za chombo cha watu wengi, liwe baraza la mji au chama cha wakazi wa mtaa, na azingatie yaliyoipata Nairobi.

Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilimwita Jaji Richard Feetham kutoka Afrika Kusini apendekeze namna ya kuendesha serikali za mitaa nchini Kenya. Taarifa yake ilitoka mwaka 1927, na sheria ya 1928 ikafuata. Wazungu, waliokuwa wachache, wakapewa viti vingi zaidi katika baraza la manispaa. Hoja ilikuwa kwamba mwenye kulipa kodi ya kiwanja ndiye mwenye haki ya kusema. Mwafrika alijenga nyumba yake Pumwani juu ya ardhi isiyo yake, kwa hiyo hakuhesabiwa.

Dalili za hatari zilionekana mapema. Wahindi walikuwa na viwanja na maduka, na kodi walilipa; walipinga mpango huo, wakapuuzwa. Hapo ingetosha kutambua kwamba kodi ilikuwa kisingizio tu. Tena, baraza liliuza pombe kwa Waafrika, na faida yake ikasaidia kugharimia huduma zao. Fedha yao ilipokewa, sauti yao ikakataliwa. Wafanyakazi wakaongezeka, vyumba vikajaa kupita kiasi, lakini Mwafrika hakuingia barazani hadi 1946, naye kwa kuteuliwa.

Machi 1950 Nairobi ilipewa hati ya kuwa jiji. Vyama vya wafanyakazi viliwasihi wanachama wasusie sherehe. Mei viongozi wao, Fred Kubai na Makhan Singh, wakakamatwa, na mgomo mkubwa ukazuka. Hata hapo wakubwa hawakujiuliza kwa nini watu wamekasirika, walitafuta wachochezi. Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, na Aprili 1954 askari waliuzingira mji na kuwapeleka maelfu kizuizini. Vita vile vilikuwa na mizizi mingi, hasa ardhi, lakini mji haukuwa na mahali pa kusikilizana kabla mambo hayajaharibika.

Ndugu wasomaji, tusidhani kosa hili lilikwisha mwaka 1962, Charles Rubia alipokuwa meya wa kwanza Mwafrika. Nasi twaweza kulirudia, mimi nikiwamo, kila tunapoandika kwamba mwenye nyumba atapiga kura na mpangaji asikilize tu, au tunapowaacha wachuuzi nje ya kamati ya soko wanalolipia ushuru kila siku. Kabla ya kugawa viti, tuwaorodheshe wote watakaoishi chini ya maamuzi yetu, kisha tuhakikishe kila kundi linamchagua msemaji wake. Na wakilalamika, tuwaite tuzungumze siku hiyohiyo. Malalamiko ni onyo tunalopewa mapema, wakati kanuni bado zinaweza kurekebishwa kwa kalamu.