Usingizi wa Shofere ni Mali ya Nani?



Kijana wa Katanga akimaliza shule, akatafuta kazi mwaka mzima asiipate, siku moja husikia kwamba kompani fulani inatafuta mashofere wa kamyo. Mara nyumba yote inagawanyika. Yeye anahesabu dola. Mama yake anahesabu misalaba iliyosimikwa kando ya barabara. Wajomba wanasema kazi ni kazi. Kisha wanakwenda kumwuliza katekista, kana kwamba katekista anajua mambo ya magurudumu. Mambo ya magurudumu siyajui. Lakini ulizo lao ni ulizo la haki pia: mtu anayetia sahihi kontra ya namna hiyo anauza kitu gani hasa? Hilo tunaweza kulipima pamoja.

Tutazame kwanza barabara yenyewe. Shaba na kobalti ya Kolwezi, ya Fungurume na ya Likasi haikai hapa, inakwenda baharini. Zamani sehemu kubwa ilikwenda kwa reli. Reli ya Benguela iliyofika Lobito ilikatwa na vita vya Angola tangu 1975, ikapita miaka mingi kabla ya kutengenezwa tena. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, ilianza kazi mwaka 1976, walakini nguvu zake zilipungua mwaka hata mwaka. Basi mzigo ukahamia barabarani. Kamyo moja inabeba tani 30 hivi, inatoka Kolwezi, inapita Lubumbashi, inavuka mpaka Kasumbalesa, kisha inashika Zambia yote hadi Nakonde na Tunduma, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam. Ni mwendo wa kilomita 2,000 hivi tangu Lubumbashi. Nyingine zinageukia kusini, zinavuka Chirundu, zinakwenda hadi Durban. Zikirudi zinaleta salfa na chokaa kwa viwanda vya madini, tena mafuta, saruji, na unga wa mahindi.

Kwa hiyo tusiidharau kazi hii. Bukari tunaoula Lubumbashi, mara nyingi unga wake umepita mikononi mwa shofere kabla ya kufika mikononi mwa mama. Tena ni kazi ya akili. Anayefikiri kwamba kuendesha kamyo ni kushika usukani tu, amtazame shofere mzuri anavyofunga mzigo wa shaba usihame katika kona, anavyoteremka mlima kwa gia ndogo bila kuchosha breki, anavyosikia sauti ya injini akajua kinachougua ndani yake. Mshahara wake, pamoja na posho ya safari, mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuuonea wivu. Na yuko faraja nyingine ambayo mashofere hawaisemi kwa urahisi: mtu akiwa peke yake na njia ndefu alfajiri, hakuna kapita anayesimama mgongoni pake.

Hatari zake mnazijua, sitazirudia zote. Nitaje mbili tu. Tarehe 2 Julai 2010 kamyo ya mafuta ilipinduka Sange, kati ya Uvira na Bukavu. Watu walikuja kuchota yale yaliyomwagika, wengine walikuwa karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, na moto ulipowaka walikufa zaidi ya 230. Februari 2019, katika barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, kamyo iliyobeba asidi ya sulfuri iligongana na basi, na abiria wengi wakafa, wengine kwa asidi yenyewe. Nazitaja hizi kwa sababu moja. Tunaposema kwamba kazi ya shofere ina hatari, kwa kawaida twafikiri hatari yake mwenyewe, kana kwamba ni askari anayetoa uhai wake kwa mshahara. Lakini watu wa Sange hawakuandika jina lao katika kontra yo yote.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kijana hasahau kuuliza na jambo ambalo husahau. Huuliza: watanilipa kiasi gani? Husahau kuuliza: watanilipa kwa namna gani?

Kuna kompani zinazolipa mshahara wa mwezi. Kuna nyingine ambazo mshahara wao ni mdogo sana, au haupo, na fedha yenyewe inakuja kwa safari: ukifika na kurudi, unapata, usipofika, hupati. Kwa kutazama haraka, ya pili inaonekana kuwa ya haki kuliko ya kwanza. Mwenye bidii anapata zaidi, mvivu anapata kidogo. Lakini nendeni Kasumbalesa mkaone safu ya kamyo zinazongoja kuvuka, nyingine siku tatu, nyingine juma zima. Shofere amelala ndani ya kamyo, amepika chakula chini ya trela, amelinda mzigo usiibiwe usiku. Je, hiyo si kazi? Katika hesabu ya safari si kazi, ni sifuri. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake kwa siku chache, kwa sababu Kongo ilikuwa imekataza kuingiza bia na vinywaji vingine kutoka kwake. Serikali mbili ziligombana juu ya chupa, na mtu aliyelipwa kwa safari alizilipia siku hizo kwa mfuko wake.

Na siku zilizopotea mpakani, atazipata wapi tena? Atazipata usiku. Hapa ndipo penye kiini cha neno langu. Hakuna bwana anayemwambia: usilale. Hakuna karatasi iliyoandikwa hivyo. Anayemwambia ni hesabu iliyomo kichwani mwake mwenyewe, ada ya shule, kodi ya nyumba, mtoto aliye hospitali. Kompani haihitaji kapita, maana imemfanya mtu awe kapita wa nafsi yake, na kapita wa namna hii haonei mtu huruma.

Watu wa sayansi wamepima jambo hili. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mikono yake na macho yake hufanya kazi kama ya mtu mwenye gramu 0.5 ya pombe katika lita moja ya damu, kipimo ambacho nchi nyingi za Ulaya zinamkataza dereva kukipita. Tunamlaani shofere aliyelewa, na ni haki. Yule aliyekesha tunamsifu kwamba ni mwanaume. Sielewi tofauti yao iko wapi kwa mtoto anayevuka barabara Likasi saa kumi na mbili asubuhi akienda shule.

Basi ninasema hivi: usingizi wa shofere si mali yake peke yake. Mkulima akitaka kuuza usingizi wake, alime kwa mwanga wa mwezi, atachoka yeye na jembe lake. Shofere akiuuza wake, anauza kitu ambacho sehemu yake ni ya watu wote anaopishana nao. Na mtu hawezi kuuza kisicho chake, wala mwingine hawezi kukinunua, hata kama wote wawili wameridhiana na karatasi ina mihuri mitatu.

Neno hili la kuridhiana linastahili kutazamwa vizuri. Papa Leo wa XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mapatano peke yake hayaufanyi mshahara uwe wa haki. Mtu anayekubali kwa sababu ya njaa amelazimishwa, ingawa hakuna aliyemshika mkono. Na sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 imeweka kipimo cha saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Huko Ulaya shofere wa kamyo hukatazwa kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika dakika 45, na chombo kilichofungwa ndani ya kamyo kinaandika kila kitu. Watu wa huko si watakatifu kuliko sisi. Waliona tu kwamba jambo hili lisiachwe kwa dhamiri ya mtu mwenye deni.

Kuna jambo jingine ambalo mashofere wenyewe huniuliza, kwa sauti ya chini: mazutu. Shofere analipwa kidogo, au anacheleweshewa mshahara miezi miwili. Njiani anauza lita 40 za mazutu ya kompani. Anasema: “Siibi, katekista. Ninajilipa.” Wengi watamjibu upesi kwa amri ya saba na kumaliza. Mimi sioni kwamba jibu ni jepesi hivyo, na Kanisa halikulijibu kwa wepesi pia. Mwaka 1679 Papa Inosenti wa XI alikataa fundisho la watu waliosema kwamba mtumishi anaweza kuchukua kwa siri mali ya bwana wake, akiona mwenyewe kwamba kazi yake inapita mshahara anaopewa. Sababu yake inaeleweka: tukimruhusu kila mtu awe hakimu wa deni lake mwenyewe, nani atakayeona kwamba analipwa vya kutosha? Walakini walimu wa maadili waliacha mlango mwembamba. Deni likiwa la yakini, si la kukisia, na njia nyingine zote zikiwa zimefungwa, na mtu mwingine asipodhuriwa, huenda asihesabiwe mwizi anayechukua kilicho chake.

Tupitishe lita 40 katika mlango huo. Mshahara wa miezi miwili uliokubaliwa na usiolipwa, hilo ni deni la yakini. Mshahara unaouona mdogo, hilo ni lalamiko, pengine lalamiko la kweli, lakini bado si deni unalojua kiasi chake. Njia nyingine je, ameijaribu? Amekwenda kwa mkaguzi wa kazi? Amesema na wenzake? Mara nyingi hapana, maana anaogopa kufukuzwa, na woga wake nauelewa. Lakini sharti la tatu ndilo linalomshinda kabisa. Shofere aliyeuza mazutu lazima afidie upungufu wake kabla ya kufika. Basi kwenye mteremko anatoa gia, anaiacha kamyo iteleze bure na tani 30 mgongoni, injini isile mafuta. Injini haishiki tena mwendo, breki peke yake ndiyo inayoshika, inapata moto, na breki yenye moto mkali haisimamishi kitu. Anayedhuriwa ni mwanamke mwenye beseni la mandazi aliye chini ya mlima. Mwenye kompani anaweza kuwa mwizi mkubwa kuliko shofere wake, lakini mwanamke yule hajamkopa mtu.

Juu ya nyumba sitasema mengi, kwa sababu wengi wamekwisha kusema na mara nyingi kwa ukali usiofaa. Ni kweli kwamba safari ndefu zimewapa watu vishawishi, na ugonjwa wa ukimwi ulipita sana katika njia za kamyo. Ni kweli pia kwamba wako mashofere wengi waaminifu ambao hawastahili kutazamwa kama wezi wa wake za watu. Ninaloliona zaidi ni jambo dogo. Baba anarudi baada ya majuma matano, mtoto anamwamkia kwa adabu kama anavyomwamkia mgeni, kisha anamwomba mama ruhusa ya kutoka, baba akiwa amekaa palepale. Hakuna dhambi hapo, ila ni hasara, na iandikwe katika hesabu pamoja na dola.

Je, kijana aingie kazi hii? Mimi nasema aingie, lakini aulize kwanza mambo fulani kabla ya kutia sahihi. Siku za kungoja mpakani zinalipwa? Katika safari ya Dar es Salaam kuna shofere wa pili? Kamyo ikiharibika porini, nani analipa chakula chake? Akikataa kuendesha usiku kwa kuwa amechoka, atakatwa kitu? Mshahara mdogo wa mwezi wenye majibu mazuri kwa maulizo haya ni bora kuliko fedha nyingi ya safari isiyo na majibu. Na kompani ikikasirika kwa kuulizwa tu, hilo nalo ni jibu.

Lakini asiye na watoto ndiye anayeweza kuirudisha karatasi mezani na kuondoka. Mwenye watoto wanne, na nyumba ya kupanga, sitamwambia hivyo nikiwa nimeshiba. Yeye ataingia kwa masharti aliyoyakuta. Ila asikae katika masharti hayo peke yake. Zaidi ya mara moja mashofere wa njia ya Kasumbalesa wamesimamisha kamyo zao wote pamoja kwa sababu ya wizi na mauaji barabarani, na wakubwa wa nchi mbili wakalazimika kuwasikiliza. Walidai walindwe dhidi ya wezi. Sijasikia bado wakidai kwa nguvu ileile walipwe siku za kulala mpakani, na saa za kulala njiani. Shofere mmoja akilidai peke yake, atafukuzwa kabla ya jioni. Mia tano wakilidai siku moja, na safu ya kamyo ikirudi nyuma kuelekea Lubumbashi, mambo yatakuwa mengine.