Msalaba Ufukweni mwa Kilwa

Tulifuatana na kundi la wanaparokia kwenda kuzuru Kilwa Kisiwani. Tulivuka asubuhi kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Katika magofu ya Msikiti Mkuu vijana wetu walipanda kuta ili wapigwe picha, na mmoja akaanzisha wimbo wa shangwe. Nasi, tuliopaswa kuwaonya, tulicheka. Ndipo tukamwona mzee wa kisiwani aliyekuwa akituongoza amevua viatu vyake, amesimama kimya.

Aibu ilitushika, kwani habari ya Julai 1505 tuliijua. Wareno wa Francisco de Almeida walipouteka mji ule, mapadre Wafransisko walishuka pwani na misalaba wakiimba Te Deum. Sala ilipokwisha, watu wakaanza kupora. Basi kwa wenyeji msalaba na unyang'anyi vilishuka pamoja. Na sisi je, tuliwaletea nini? Enyi wazazi, kabla ya safari za namna hii wafundisheni watoto wanakanyaga wapi. (Sisi hatukuwafundisha.)

Vijana wakashuka. Tulimwomba mzee radhi. Akasema, "Karibuni tena," akavaa viatu vyake, akatutangulia kwenda Husuni Kubwa.