Je, Gitaa la Kilabuni Linaweza Kupigwa Kanisani?

 

Katika toleo lililopita tuliandika kwa kifupi kwamba mpiga gitaa wa kwaya ya vijana amesimamishwa kwa miezi mitatu. Hatukueleza sababu, na maneno yakawa mengi kwenye foleni ya maji. Sababu ni hii: Jumamosi usiku kijana huyo hupiga gitaa katika kilabu kimoja pale senta, penye pombe ya ndizi na bia, kisha Jumapili asubuhi huja kanisani na gitaa lile lile. Mzee mmoja alimwona. Kamati ikakaa, na sisi tunaoandika gazeti hili tulikuwa ndani ya kamati hiyo. Tulinyosha mikono pamoja na wengine. Shauri lote halikuchukua nusu saa.

Kijana hakubisha. Alisema tu kwamba tangu mgao ulipopunguzwa, malipo ya usiku ule mmoja ndiyo yanayonunua sabuni na kulipia madaftari ya wadogo zake wawili, na kwamba hao wadogo hawana mtu mwingine. Akachukua gitaa lake akaondoka. Tangu siku ile sisi hatujatulia, na ndiyo maana tunaandika.

Lilikuwapo neno moja kikaoni lililotufanya tukubali upesi. Mzee wetu mmoja, ambaye tunamheshimu sana, alisema kwamba wamisionari waliotuletea Injili walitenganisha kabisa muziki wa kanisa na muziki wa mahali pa starehe, na kwamba kuchanganya ni jambo la siku hizi. Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Baada ya kikao tukaona tuchunguze, na tukachagua mji mmoja wa Ujerumani uitwao Leipzig. Hatukuuchagua kwa kubahatisha. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1893, na baadhi ya nyimbo za Kilutheri zilizomo katika vitabu vya nyimbo vya Kiswahili zilikuja kwa njia kama hiyo. Kama yupo aliyetenganisha, tulitegemea kumkuta huko.

Leipzig ni mji wa kale wa biashara na wanafunzi. Una kanisa la Mtakatifu Thomas, ambalo kwaya yake ya wavulana ilianza mwaka 1212 na ingali inaimba hadi leo. Una pia chumba cha chini ya ardhi kiitwacho Auerbachs Keller, ambako divai imeuzwa tangu karne ya 16, na ambako mshairi Goethe, aliyesoma katika mji huo, aliwaweka walevi wanaoimba ndani ya mchezo wake wa Faust. Kutoka mlango wa kanisa hadi mlango wa mvinyo ni mwendo mfupi wa miguu.

Mwaka 1723 mji huo ulimwajiri Johann Sebastian Bach kuongoza muziki wa makanisa na kuwafundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas. Wazee wa mji walikuwa na hofu kama ya mzee wetu. Walimtaka akubali kwa maandishi kwamba muziki wake kanisani hautakuwa mrefu mno, wala hautafanana na opera, yaani ile michezo ya jukwaani inayoimbwa, bali utawaamsha watu kumcha Mungu. Bach akatia sahihi.

Kisha mwaka 1729 alichukua uongozi wa kikundi cha wanamuziki, wengi wao wanafunzi, kilichopiga kila wiki katika nyumba ya kahawa ya bwana Zimmermann. Majira ya baridi walipiga Ijumaa usiku kuanzia saa mbili hadi saa nne. Majira ya joto walipiga Jumatano alasiri katika bustani ya Zimmermann nje ya lango la mji. Wapo watakaosema kahawa si pombe. Ni kweli, lakini wakati ule nyumba za kahawa za Ulaya zilisemwa vibaya kama vilabu vyetu vinavyosemwa: moshi wa tumbaku, michezo ya kamari, na watu kukesha. Bach aliandikia hata igizo fupi la kuimba kuhusu baba anayemkemea binti yake kwa kupenda kahawa kupita kiasi. Maneno yake yaliandikwa na Picander, mtu aliyefanya kazi katika posta. Huyo huyo Picander ndiye aliyeandika mashairi ya Mateso ya Mathayo, kazi ambayo Bach aliipiga kanisani siku ya Ijumaa Kuu. Kalamu ni moja.

Hapo tayari tulianza kuona haya. Lakini subirini, liko zaidi.

Mwezi wa tisa mwaka 1733, kwenye bustani ile ya kahawa, kikundi kilipiga muziki wa kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwana wa mtawala, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Hadithi yake ilikuwa ya shujaa Hercules akiwa kijana, amesimama kwenye njia panda. Upande mmoja anaitwa na Wema, upande wa pili anaitwa na Anasa. Anasa anamwimbia wimbo wa kubembeleza: alale, apumzike, afuate tamaa zake. Ni wimbo mtamu ajabu, na ni lazima uwe mtamu, maana kishawishi kisicho na utamu hakimshawishi mtu.

Mwaka uliofuata, sikukuu ya Noeli ya 1734, Bach aliwaimbisha watu wa makanisa ya Leipzig muziki mrefu wa Noeli wenye sehemu sita, ulioenea siku sita hadi tarehe 6 Januari 1735. Katika sehemu ya pili uko wimbo wa kumbembeleza mtoto Yesu horini. Wimbo huo ni ule ule wa Anasa. Bach aliubadilishia maneno, akamkabidhi mwimbaji mwenye sauti ya chini zaidi, na akagusa hapa na pale vyombo vya kuusindikiza. Lakini wimbo ni ule.

Na kwaya inayofungua sikukuu nzima, ile inayoanza kwa mapigo ya ngoma peke yake kabla ya tarumbeta na sauti za watu? Ilipigwa kwanza tarehe 8 Desemba 1733 katika nyumba ya Zimmermann, kwa heshima ya malkia. Maneno ya kwanza yaliziita ngoma zilie, ndiyo maana ngoma zinatangulia. Kanisani maneno yalibadilika, ngoma zikabaki.

Tulisoma haya kwa sauti tukiwa tumekaa chini ya mwembe wa nyuma ya kanisa, na mmoja wetu akacheka hadi machozi. Alikumbuka kwamba sehemu ile ya gitaa inayorudiarudia mwishoni mwa nyimbo za kwaya zetu, ile tunayoiita sebene, ile inayowanyanyua hata akina mama wazee na vitambaa vyao, haikuzaliwa kwenye ibada. Ilikomaa katika baa za Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa. OK Jazz ya Luambo Makiadi Franco, iliyoanzishwa mwaka 1956, ilipata jina lake kutoka O.K. Bar ilikokuwa ikipiga. Kila Jumapili tunamsifu Mungu kwa vidole vilivyojifunza huko, na hatujawahi kuitisha kikao.

Basi tungeweza kuishia hapo na kusema wimbo hauna dhambi, mrudisheni kijana. Lakini jambo si jepesi hivyo, na tusingekuwa waaminifu tukijifanya ni jepesi.

Martin Luther mwenyewe alikutana nalo. Mwaka 1535 wimbo wake mmoja wa Noeli ulichapwa ukiwa na sauti ya wimbo wa kidunia uliokuwa ukipendwa, wimbo wa mgeni anayetoka nchi za mbali akileta habari. Mwaka 1539 wimbo huo ukatoka tena ukiwa na sauti mpya, na hiyo mpya ndiyo inayoimbwa hadi leo. Wengi hufikiri kwamba waliousikia kanisani walikuwa bado wanasikia mtaa ndani yake. Sikio lina kumbukumbu, na mchungaji mwenye busara hulijali sikio la mtu. Kinyume chake, wimbo wa mateso unaoimbwa Ijumaa Kuu katika makanisa mengi ya dunia una sauti ambayo Hans Leo Hassler aliichapa mwaka 1601 kwa ajili ya kijana aliyechanganyikiwa na mapenzi. Leo ni nani anamkumbuka yule kijana? Kumbukumbu ilikwisha, wimbo ukabaki na maneno mapya.

Kwa hiyo kumbukumbu si kitu cha kudharau. Sisi tunajua kuliko watu wa Leipzig.

Yupo mama mmoja katika kanisa letu, na ametupa ruhusa tuandike haya bila jina. Kuna wimbo mmoja wa kitabuni, wimbo mzuri wenye maneno matakatifu, ambao ukianza tu yeye husimama na kutoka nje. Kwa miaka mingi tulidhani ni tumbo. Wengine tulimnung'unikia kwamba hana adabu ya ibada. Mwaka jana alimweleza mke wa mchungaji. Usiku ule kijijini kwao, watu wenye silaha waliokuja walikuwa wakiimba wimbo huo barabarani, beti zote, kwa sauti zilizopangwa vizuri, kama kwaya. Baadhi yao pengine walikuwa wanakwaya kweli. Yeye alikuwa amelala kwenye mtaro wa kahawa na mtoto kifuani, na wimbo ule ulimpita hatua chache.

Sasa tujiulize, ndugu zetu. Kwa miaka yote hiyo wimbo wa kitabuni ulikuwa unamchoma mtu ndani ya nyumba ya Mungu, na hakuna kamati iliyokaa. Wimbo wa kilabuni haukumchoma mtu yeyote, na kamati ilikaa ikamaliza kabla chai haijapoa. Tulichanganya vitu viwili, jeraha na aibu. Yule mama ana jeraha. Sisi kwa gitaa la kijana tulikuwa na aibu tu, aibu ya kusikia kanisa jirani wakisema mpigaji wenu tulimwona wapi. Hata kilabuni kwenyewe, sadaka zetu za kila wiki zina noti za akina mama wanaopika pombe ile ya ndizi, na hatujawahi kumrudishia mtu noti yake.

Yapo ya kumwambia kijana, hatukatai. Mara mbili alichelewa Jumapili akiwa na macho mekundu. Wadogo wa kwaya wanamtazama yeye kuliko wanavyomtazama mchungaji. Kilabuni hutokea ugomvi, na akina dada zetu hawako salama njiani usiku. Mambo hayo mzazi humwambia mtoto wake wakiwa wameketi, naye mtoto ana haki ya kujibu. Hayahusu nyuzi sita za gitaa. Tulipomsimamisha hatukumwambia hata moja kati ya hayo, tulilihukumu gitaa.

Na la pesa pia. Bach aliyefanya kazi kanisani miaka 27 mpaka kifo chake mwaka 1750 alimwandikia rafiki yake mwaka 1730 akilalamika kwamba sehemu ya mapato yake inatokana na mazishi, na kwamba mwaka uliotangulia hewa ilikuwa nzuri, watu hawakufa kama kawaida, naye akapoteza zaidi ya thaler 100. Tulisoma mara mbili, tusiamini. Alikuwa na nyumba iliyojaa watoto. Wavulana wake wa kwaya nao waliimba mitaani na mazishini wapate chochote. Kanisa halikuwatosheleza, na waliomsifu Mungu Jumapili walikula kwa kazi ya siku nyingine. Sisi kijana wetu hatumlipi hata thamani ya uzi mmoja ukikatika.

Nyumba ile ya Zimmermann haipo tena. Iliangushwa na mabomu mwezi Desemba 1943. Mabaki ya Bach nayo yalihama: kanisa alimokuwa amezikwa liliharibiwa katika vita hiyo hiyo, na baadaye akahamishiwa kanisa la Mtakatifu Thomas, ambako watu wanaendelea kuimba juu yake. Muziki wa nyumba ya kahawa unasikika humo kila Noeli.

Kwa upande wetu, wimbo wa yule mama umeondolewa kwenye orodha ya kwaya zote mpaka yeye mwenyewe atakapotuambia vingine. Wenye kupenda wimbo huo watuvumilie. Kuhusu kijana, tumeomba shauri lifunguliwe upya, na mzee wetu, kwa unyenyekevu wake, amekuwa wa kwanza kukubali. Kamati itakaa Jumamosi ijayo chini ya mwembe. Kijana ameitwa, na safari hii tumemwomba aje na gitaa. Kikao kitaanza saa nane mchana na si jioni kama kawaida, kwa sababu jioni ana kazi.