Kutoka Duarani hadi Kileleni

Geita watu wamezoea kushuka: wachimbaji wadogo huteremka kwa kamba ndani ya maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, wakifuata mwamba wa dhahabu. Lakini tangu 2002 mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita, GGML, kwa kushirikiana na TACAIDS, yaani Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania, umeandaa safari za kupanda Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI.

Je, kikundi kidogo kinaweza kupanda bila kiongozi? Hapana. Taratibu za hifadhi zinadai mwongoza watalii mwenye leseni, na ni haki kabisa. Kwenye mita 5,895 shinikizo la hewa ni takriban nusu ya lile la pwani. Kichwa hugonga, miguu hugoma, na mara nyingi mgonjwa ndiye wa mwisho kukubali kwamba anaumwa.

Wakati Geita inakunywa chai, huko mlimani wagumu, yaani wapagazi, wanakunja mahema ya wageni.